Mshtuko, Taharuki na Ajabu: Namna Tamthilia za Muziki Zinavyoisisimua Hadhira

Katika kiangazi cha mwaka 2025, watu waliopita usiku katika mtaa wa Argyll, katikati ya London, walitazama bure jambo ambalo wengine walikuwa wamelilipia fedha nyingi. Mwigizaji Rachel Zegler, aliyeshika nafasi ya Eva Perón, mke wa rais wa Argentina, katika tamthilia ya muziki ya Evita, alikuwa akitoka kwenye roshani ya nje ya ukumbi wa London Palladium na kuwaimbia watu waliojazana barabarani wimbo unaojulikana kuliko nyimbo zote za tamthilia hiyo. Waliokaa ndani walimwona kwenye skrini. Mabishano yakazuka. Wapo waliosema kwamba wenye tiketi wamedhulumiwa, wapo waliosema kwamba hilo ndilo jambo la kusisimua kuliko yote yaliyoonekana London kwa miaka mingi, na wapo waliouliza kama mwimbaji aliye nje ya ukumbi bado yuko jukwaani.

Mabishano hayo yalikuwa magumu kuamuliwa kwa sababu kila upande ulizungumzia msisimko wa aina tofauti huku ukidhani unazungumzia ule ule wa mwenzake. Kabla ya kusema nani alikuwa na haki, inafaa tujue msisimko wa jukwaani ni kitu gani na hutengenezwaje.

Tamthilia ya muziki ni mchezo wa jukwaani ambamo hadithi moja husimuliwa kwa mazungumzo, nyimbo na dansi kwa pamoja, na ambamo wimbo si burudani ya kupumzisha watu kati ya onyesho na onyesho bali ni sehemu ya hadithi yenyewe, kiasi kwamba ukiuondoa wimbo, kisa kinakatika. Hapo ndipo inapotofautiana na tamasha la nyimbo. Inatofautiana pia na opera, ambayo kwa kawaida huimbwa mwanzo hadi mwisho na waimbaji wasiotumia vipaza sauti, ingawa mpaka huo unavuja: Evita yenyewe ina mazungumzo machache mno. Makao yake makuu ni kumbi za Broadway jijini New York na zile za West End jijini London, na wanaofanya kazi hiyo wana kanuni wanayoirudia mara kwa mara, kwamba mhusika akizidiwa na hisia hadi maneno hayatoshi, huimba, na wimbo nao usipotosha, hucheza. Kwa hiyo sanaa hii ina ngazi ndani yake, na msisimko mwingi hutokea pale mhusika anapokanyaga kipandio cha juu zaidi.

Sasa tutenganishe mambo matatu. Mshtuko ni hadhira kupata jambo ambalo haikulitarajia. Taharuki ni hadhira kujua, au walau kuhisi, kwamba jambo fulani linakuja, ikabaki kusubiri litakuja lini na vipi. Ajabu la kutazama ni tendo ambalo jicho linaliona lakini akili haielewi mara moja limewezekanaje, kama vile mtu kupaa mbele ya macho yako. Mfikirie mchezaji anayepiga mkwaju wa mwisho wa penalti. Hakuna mtu uwanjani asiyejua kwamba mpira utapigwa, na matokeo ni mawili tu, lakini sekunde chache baada ya filimbi ya mwamuzi huwafanya watu wazima wafumbe macho, na hiyo ndiyo taharuki. Kipa wa timu hiyo akitoka langoni kwake na kuja kuupiga yeye mkwaju huo, huo ni mshtuko. Mpira ukipinda hewani kwa namna isiyoelezeka kabla ya kuingia wavuni, hilo ni ajabu. Vyote vitatu huinua watu vitini, ila haviinui kwa sababu moja, wala havichakai kwa kasi moja.

Tamthilia inayoonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko zote nizijuazo ni Sweeney Todd ya Stephen Sondheim, iliyoanza Broadway mwaka 1979 chini ya mwongozaji Harold Prince. (Asiyetaka kujua mwisho wake airuke aya hii na inayofuata.) Ni hadithi ya kinyozi wa London aliyefungwa na kupelekwa Australia kwa hila ya jaji aliyemtamani mke wake. Anarudi baada ya miaka mingi akiwa na nia moja, kulipiza kisasi. Karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza, jaji huyo anaingia mwenyewe, bila kumtambua kinyozi, na kuketi kitini anyolewe. Wembe uko mkononi. Mtunzi angeweza kummaliza jaji hapo hapo, nasi tungeshtuka kwa sekunde moja. Badala yake anawapa wanaume hao wawili wimbo mtulivu, mzuri, wa kuwasifu wanawake, wakiuimba pamoja huku kinyozi akichelewesha kwa makusudi ili aionje raha ya kisasi. Kadiri wimbo unavyozidi kuwa mtamu ndivyo hadhira inavyozidi kuteseka. Kisha kijana mmoja baharia anaingia ghafla, jaji anaondoka kwa hasira, na nafasi imepotea.

Mshtuko umehifadhiwa kwa ajili ya mwisho. Katika pilikapilika za usiku wa mwisho kinyozi anamuua haraka mwanamke ombaomba mwenye wazimu ambaye amekuwa akizurura jukwaani tangu mwanzo, na baadaye, mwanga wa tanuri unapoangukia uso wa maiti, anagundua kwamba huyo ndiye mke wake aliyeambiwa kwamba alikunywa sumu. Aliyemwambia hakuwahi kusema kwamba alikufa. Jambo linalonifanya niiheshimu kazi hii ni kwamba siri yenyewe ilikuwa imekwisha kutolewa kwa masikio: ule muziki wa dansi uliochezwa katika karamu ya jaji, usiku ule alipomtendea unyama mke wa kinyozi, ndio uliozaa tuni ya vijineno vichafu anavyoimba ombaomba. Anayesikiliza kwa makini huhisi jambo kabla ya kulijua. Mshtuko mzuri ndivyo ulivyo, kwani haukutarajiwa, lakini ukishatokea unaona kwamba haungeweza kuwa vinginevyo.

Kuna imani kwamba msisimko huletwa na mitambo, na imani hiyo hupata ushahidi wake mkuu katika The Phantom of the Opera ya Andrew Lloyd Webber. Iliongozwa na Harold Prince huyo huyo, ikaanza London mwaka 1986, ikafika Broadway Januari 1988 na kuendelea kuonyeshwa huko hadi tarehe 16 Aprili 2023, jumla ya maonyesho 13,981. Kila mtu aliyewahi kuisikia anaijua thurea yake, ile taa kubwa ya vioo inayoporomoka mwishoni mwa sehemu ya kwanza. Wengi hudhani kwamba taa hiyo huachiwa ianguke, lakini ukweli ni kwamba hushushwa kwa nyaya na mota kwa mwendo uliopimwa, ikielea juu ya vichwa vya watazamaji kuelekea jukwaani, na ukiipima kwa saa utaona kwamba kasi yake si kubwa sana.

Kwa nini basi watu hupiga ukelele? Kwa sababu waliandaliwa tangu dakika za mwanzo. Tamthilia inaanza kwa mnada wa vitu chakavu katika jumba la opera la Paris, na kitu kinachotangazwa kuwa namba 666 ni taa hiyo hiyo, iliyofunikwa kwa turubai, pamoja na maelezo kwamba ilihusika katika janga mashuhuri. Turubai linaondolewa, kinanda kinanguruma, taa inawaka na kupanda juu ya ukumbi, nasi tumerudishwa miaka mingi nyuma. Wanafunzi wa fasihi wataitambua mbinu hiyo: ni kisengere mbele (kudokeza yajayo) kilichofungashwa ndani ya kisengere nyuma (kurudi kwenye yaliyopita). Tangu hapo mtazamaji aliyekaa katikati ya ukumbi anajua kwamba juu ya kichwa chake kuna kitu kitakachoanguka. Ajabu ni la sekunde kadhaa, taharuki ni ya saa nzima na zaidi.

Wicked inatufundisha jambo jingine, nalo ni mahali pa kuliweka tukio. Tangu filamu zilizotokana na tamthilia hiyo zitoke, ya kwanza Novemba 2024 na ya pili Novemba 2025, watu wengi ambao hawajawahi kuingia katika ukumbi wa Broadway wameuliza jinsi mchawi wa kijani, Elphaba, anavyopaa jukwaani bila msaada wa kompyuta. Jibu linalotolewa kwa haraka ni kwamba huning'inizwa kwa waya. Sivyo. Katika onyesho lililoanza New York mwezi Oktoba 2003, mwigizaji hupanda kwenye mtambo wa kunyanyulia unaofichwa na giza, moshi na gauni jeusi linalotanda chini yake kama mlima, huku taa kali zikimulika kutoka nyuma ili jicho lisiweze kuchunguza. Anapanda mita chache tu. Hapai kwenda popote.

Hata hivyo sijui tukio la kupaa linaloziteka nyoyo kuliko hilo, na sababu iko katika hadithi na muziki. Kwa zaidi ya saa moja tumemwona msichana anayetaka kukubaliwa, amefikishwa mbele ya mtawala aliyekuwa akimhusudu, amegundua kwamba mtawala huyo ni mwongo na mwonevu, na ameambiwa aombe radhi. Wimbo wenyewe unaanza chini, kama ubishi wa marafiki wawili, mmoja akimsihi mwenzake arudi. Stephen Schwartz, mtunzi, haiachii sauti ya mwimbaji ifike kileleni hadi uamuzi uwe umekamilika, na mwili wa mwigizaji hauinuki hadi sauti iwe imeinuka. Kisha giza, na mapumziko. Watunzi wengi huweka tukio lao kubwa mahali hapo, kabla tu ya mapumziko, na hawafanyi hivyo kwa bahati: mtu aliyesisimka hatakwenda nyumbani, atabaki akizungumza kwa robo saa, na hilo huongeza hamu ya sehemu ya pili. Filamu ya kwanza nayo ilikatia hapo hapo.

Imani kwamba fedha nyingi huzaa msisimko mwingi ina jaribio lake ambalo lisingeweza kupangwa vizuri zaidi, kwa kuwa mwongozaji alikuwa mmoja katika kazi zote mbili. Julie Taymor aliongoza The Lion King, iliyoanza Broadway Novemba 1997 na kumfanya awe mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya Tony ya kuongoza tamthilia ya muziki. Yeye huyo akaanza kuongoza tamthilia ya Spider-Man, iliyoitwa Turn Off the Dark, ambayo gharama yake ilifika takriban dola milioni 75 na ambayo waigizaji wake waliruka kwa nyaya juu ya vichwa vya watazamaji. Ilianza maonyesho ya majaribio Novemba 2010. Nyaya zilikwama, waigizaji wakabaki wakining'inia hewani, na Desemba mwaka huo mmoja wao alianguka kutoka juu na kuumia vibaya. Taymor aliondolewa Machi 2011, na uzinduzi rasmi ukafanyika Juni baada ya maonyesho ya majaribio 182, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa Broadway. Ilifungwa Januari 2014 ikiwa imewatia wawekezaji wake hasara kubwa. Kusema kweli, wapo waliofurahia ile miruko, hasa watoto. Tatizo lilikuwa kwamba miruko ilikuwa mingi kuliko sababu za kuruka.

Tukiitazama The Lion King tunaona kinyume chake, na kwa msomaji wa Kiswahili aliyekua akiyasikia majina ya Simba na Rafiki katika hadithi hiyo, inafaa kuikalia kidogo. Tukio lake la kukumbukwa kuliko yote liko dakika ya kwanza kabisa, jambo la nadra, maana watunzi wengi huogopa kutumia risasi yao kubwa mapema. Rafiki anapaza mwito wa Kizulu uliotungwa na Lebo M wa Afrika Kusini (si Kiswahili, kama wengi wanavyodhani), sauti nyingine zinamjibu kutoka pande za ukumbi, jua la kitambaa linachomoza, twiga wanakatiza jukwaani, na mtazamaji anageuka na kukuta tembo akipita kando ya kiti chake. Hakuna kilichofichwa. Twiga ni waigizaji wanaotembea kwa mironjo miguuni na mikononi, na nyuso zao zinaonekana. Tembo anabebwa na watu walio ndani ya miguu yake. Swala wanazungushwa kwenye magurudumu. Taymor hakutaka tudanganyike. Alitaka tumwone mtu na mnyama kwa wakati mmoja, na kazi ya kuviunganisha akatuachia sisi. Watu wazima huonekana wakitokwa na machozi hapo, kabla hata hadithi haijaanza, na huwezi kusema wanalilia kisa ambacho bado hawajakiona.

Hata mbio za nyumbu zinazomuua Mufasa, baba yake Simba, zimefanywa kwa ufundi wa kizamani. Nyumbu wadogo wanaonekana mbali, wakiwa wamechorwa kwenye kitambaa kinachozungushwa kwa mihimili, mbele yao wapo wakubwa zaidi, na mbele kabisa wachezaji waliovaa vinyago wanalijaza jukwaa. Jicho linaunganisha tabaka hizo na kuona kundi lisilo na mwisho likimjia mtoto mmoja. Ngoma hufanya kazi iliyobaki.

Kuna wasiwasi mwingine unaosikika kila tamthilia mpya inapotajwa mtandaoni: ukishaambiwa mwisho, utamu umekwisha. Wasiwasi huo una ukweli kwa mshtuko na hauna ukweli kwa taharuki. Hamilton ya Lin-Manuel Miranda, iliyoanza Broadway Agosti 2015, inamhusu mwanasiasa wa Marekani aliyepigwa risasi na Aaron Burr mwaka 1804, na katika wimbo wa kwanza kabisa Burr mwenyewe anasimama na kukiri kwamba yeye ndiye aliyemuua. Siri imetolewa kwa makusudi, na kinachobaki kwa muda wote uliosalia ni kuwatazama watu wawili wakikaribiana na asubuhi ile ya risasi. Mmoja wa wachezaji wa kundi huigiza kama risasi yenyewe, akizuka karibu na watu ambao mauti yanawajia, na watazamaji wengi hawalitambui hilo hadi wameitazama mara ya pili. Tukio langu pendwa humo ni lile la harusi: tumeiona sherehe yote, kisha jukwaa la duara linazunguka kinyumenyume, waigizaji wanarudisha mienendo yao, nasi tunaonyeshwa usiku ule ule upya kupitia macho ya dada wa bibi harusi, aliyempenda bwana huyo kwanza na akamwachia mdogo wake. Ni kisengere nyuma kinachofanywa na miili ya watu, si na mhariri wa filamu. Kuyajua yote hayo mapema hakulipunguzi tukio lenyewe hata kidogo, na wanaolirudia kwenye rekodi iliyotolewa mwaka 2020 wanalijua hilo.

Si lazima tukio lipigiwe makofi ndipo lihesabiwe. Cabaret, iliyoanza mwaka 1966 na kuongozwa pia na Harold Prince, inahusu klabu ya usiku mjini Berlin wakati Wanazi wakijongea kwenye madaraka. Hadhira ilipoingia ukumbini ilikuta kioo kikubwa kilichoinamishwa juu ya jukwaa, nayo ikajiona yenyewe ndani yake. Katika toleo la Sam Mendes lililofika New York mwaka 1998, mshereheshaji mcheshi aliyetuchekesha usiku mzima anavua koti mwishoni, na chini yake amevaa sare ya mistari ya wafungwa wa kambi za Wanazi. Koti moja tu, wala hakuna mtambo. Mtu hajui kama apige makofi au aondoke kimya.

Sasa tunaweza kulijibu lile swali la Palladium. Mwongozaji Jamie Lloyd alikuwa amekwisha kuijaribu mbinu ya aina hiyo katika Sunset Boulevard, London mwaka 2023 na New York mwaka uliofuata, ambako mwanzoni mwa sehemu ya pili Tom Francis alipita kwenye korido za nyuma ya jukwaa, akatoka nje barabarani akiimba huku kamera ikimfuata, kisha akarudi na kuingia jukwaani akiwa bado anaimba. Hapo viungo vyote vitatu vilikuwepo: mshtuko wa kuuona mtaa, taharuki ya kama atarudi kwa wakati bila kugongana na mpita njia, na ajabu la kuona anaingia mwenyewe mlangoni. Tena hadithi inahusu mwandishi wa filamu na nyota wa zamani wa sinema, hivyo kamera ilikuwa nyumbani kwake.

Katika Evita, mshtuko ulikwisha siku magazeti yalipoandika habari, na taharuki haikuwepo, maana mtu aliyesimama kwenye roshani hana hatari ya kutorudi. Kilichobaki ni maana, nayo ilikuwa kali: Eva Perón aliwahutubia watu wa kawaida kutoka roshani halisi, na wenye tiketi wakageuzwa kuwa tabaka la juu lililobaki ndani likitazama kwa mbali. Mimi naona kwamba maana hiyo ilistahili, ila waliolalamika nao hawakuwa wajinga. Mwimbaji aliye mbele yako anaweza kukosea mbele yako, na hilo ndilo walilolilipia.

Hatari hiyo ya kukosea ndiyo inayozaa aina moja ya msisimko ambayo hakuna anayeweza kuitunga. Tamthilia ya Broadway huchezwa mara nane kwa wiki, na kwa wingi huo jambo lazima liharibike siku moja. Tarehe 8 Januari 2005, siku moja kabla ya kuagana na Wicked, Idina Menzel, Elphaba wa kwanza wa Broadway, alitumbukia kwenye mlango wa sakafuni wakati wa onyesho na kuvunjika ubavu. Kesho yake mwigizaji mwingine alishika nafasi hiyo hadi karibu na mwisho, ndipo Menzel akaingia jukwaani kwa suti nyekundu ya michezo, bila rangi ya kijani usoni, akaimba sehemu yake ya mwisho. Watu walisimama na kumshangilia kwa takriban dakika tano.